Hundi za Dhamana

Kanchanben, fundi wa kutarizi, aliketi kwa hofu juu ya godoro jeupe la kukalia wateja katika duka la nyuzi la Savjibhai, mjini Surat, India. Hundi aliyompa Savjibhai kwa deni la nyuzi ilikuwa imerudishwa na benki kwa kukosa fedha, na barua ya wakili ilitaja kifungo. Sasa walikuwa wamekubaliana kuyamaliza nje ya mahakama: yeye angelipa kwa awamu, na Savjibhai angeondoa kesi.

"Kunywa chai, dada, mimi si simba," alisema Savjibhai, akimsogezea kalamu. "Ila kila awamu uniandikie hundi yake. Dhamana tu."

Kanchanben aliitazama kalamu. Wateja wake wakichelewa kumlipa mwezi mmoja tu, hundi ingerudi tena, na jela pamoja nayo.

"Kaka, hata ile ya kwanza uliiita dhamana tu."

Savjibhai alicheka. "Kumbe ulimi unao! Basi unataka nini?"

"Cherehani yangu ya kutarizia ikae hapa dukani, ndiyo iwe dhamana. Nitashonea hapa hapa, machoni pako, mpaka deni liishe. Hundi siandiki."

Kicheko kilikoma. Savjibhai alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kusogeza marobota ili kupata nafasi karibu na kiti chake. Kanchanben alitambua kwamba kila siku angeshinda kutwa nzima chini ya macho yale. Hata hivyo, kalamu hakuigusa.