Kichwa cha Marehemu, Mwili wa Kiongozi

Ukumbi wa dansi wa zamani ulikuwa siku hizi duka la magodoro, na humo ndimo wenye mji walimoamua kuonyesha historia ya bendi zao. Magodoro yalisogezwa pembeni, picha zikatundikwa. Historia ikapatikana.

Mjane wa mpiga tarumbeta alipita ukutani taratibu, midomo ikimcheza kwa dua. Hakuwa na picha hata moja ya marehemu, na wajukuu walishaanza kuuliza kama babu yao aliwahi kuwepo kweli. Kosa lilikuwa la desturi ya bendi. Mwanamuziki akihama, kichwa chake hunyofolewa kwenye picha ya pamoja, cha anayeingia kikabandikwa juu ya kiwiliwili kile kile. Sare zimeshashonwa, watu wamepangwa wakapangika. Ya nini kupiga picha nyingine? Na marehemu, Mungu amrehemu, alihama bendi kama mtu anayebadili shati.

Mara akamwona! Macho yale yale, juu ya kitambi kisichokuwa chake, ameshika gitaa asilojua kulipiga.

"Hiyo itolewe," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Kiongozi, aliyeihama bendi ya kwenye picha ile kwenda kuanzisha yake. Cheo hakijamtoka mpaka leo, ingawa bendi ilishamtoka. "Mwili huo ni wangu."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Tazama hicho kitambi! Kichwa kikibanduliwa, chini nipo mimi." Akanyoosha ukucha.

Mjane akaushika mkono wake. "Shemeji, ukuta mzima ni wewe. Umekaa, umesimama, umeinama kama unatafuta kifungo. Mimi naomba kichwa kimoja tu."

"Kwani picha nyingine za mumeo ziko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Alipokuja kwenye bendi yako kisha akaondoka, nani alimkata? Ulikuja kuazima mkasi kwangu, ukaniambia unataka kupunguza ndevu. Nikakupa, na chai nikakupa."

Kiongozi akajikuna kidevu, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa na ndevu tele. Msimamizi wa maonyesho, binti mpole, akajifanya anapangusa godoro.

"Basi iandikwe," Kiongozi alisema. "Watu wajue mwili ni wa nani."

Ikaandikwa: kichwa, mpiga tarumbeta; vilivyobaki, Kiongozi.

Siku ya ufunguzi mjane aliwaleta wajukuu, wamepakwa mafuta wanang'aa. Kiongozi alikuwepo tangu mlango ulipofunguliwa, amesimama mbele ya picha ile, koti limefungwa vifungo vyote, anageuka ubavu ili wageni walinganishe.

"Bibi, babu yuko wapi?"

Mjane akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akampapasa Kiongozi begani.

"Shemeji, sogea kidogo. Unamziba mume wangu."