Mambo Matano ya Kuona kwa Siku Mbili

Fundi saa aliingia mjini Jumanne, na ilipofika Jumatano jioni alikuwa ameshasema uongo. Tusimwonee, hakuwa mtu wa uongo. Kwa miaka thelathini na mitano watu walimwachia saa zao za thamani bila kudai hata kikaratasi, na hakuna aliyewahi kurudi akilalamika. Lakini uongo huu alimwambia binti yake wa pekee, kitandani hospitalini, tena huku akimtazama usoni.

Binti alikuwa karani wa bandari. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa katika mji ule wa kando ya ziwa, na kila mwaka alimwita baba yake aje amtembeze. Kila mwaka baba alijibu kwamba atakuja mwezi ujao, akishamaliza saa za watu. Saa za watu haziishi. Kilichomtoa dukani hatimaye ni simu ya daktari: uvimbe tumboni, upasuaji Ijumaa asubuhi, na kama ni uvimbe mbaya au la, watajua wakishafungua.

Tangu simu ile mzee alikuwa amekufa ganzi. Hakulia, hakuuliza maswali, hakukosa usingizi. Alikula alichowekewa na mama mwenye nyumba ya wageni, akashukuru, na asingeweza kukuambia amekula nini. Aliusubiri uchungu uje, kama mtu aliyelalia mkono akisubiri uzinduke, na mkono haukuzinduka.

"Wageni wanaruhusiwa saa kumi hadi kumi na moja tu," binti alimwambia Jumanne ile. "Saa nyingine zote utafanya nini, baba?"

"Nitakaa."

"Hukuja kukaa. Mimi nimeshindwa kukutembeza, basi jitembeze mwenyewe. Jioni uniletee habari."

Kwenye droo ya chumba chake alikuta kijitabu cha wageni, kurasa zimejikunja kwa uzee: Mambo Matano ya Kuona kwa Siku Mbili. Mnara wa saa, makumbusho, soko la samaki, kilima cha kuutazama mji, na boti ya kwenda kisiwani. Jumatano asubuhi alikitia mfukoni akatoka kwa nia njema kabisa. Miguu ikampeleka hospitali. Kando ya maegesho ya magari palikuwa na benchi la saruji linalotazamana na jengo la wodi. Akahesabu madirisha ya ghorofa ya pili, akalipata la tatu kutoka kushoto, lenye pazia la kijani. Akaketi kulitazama mpaka saa kumi.

"Umeona nini?" binti aliuliza hata mzee hajavuta kiti.

"Mnara wa saa."

"Ukoje?"

Hapo angesema ni mrefu, yakaisha. Lakini muulize fundi cherehani habari za shati, uone kama atakwambia lina mikono miwili akanyamaza. Mzee alieleza kwamba saa ina nyuso nne, na ule wa upande wa ziwa unachelewa dakika nne kwa sababu ya unyevu. Anayeitunza anapaka mafuta mazito mno; unaona jinsi mshale unavyosita kabla ya kuruka. Alimsikitikia sana mtunzaji huyo, ambaye hakuwepo duniani. Binti alicheka mpaka akashika tumbo.

"Dakika nne ni nyingi, baba?"

"Kwa saa ya mji mzima? Ni aibu."

Alhamisi alimletea makumbusho na kilima, vyote kutoka kijitabuni, baada ya kukaa benchini tangu saa mbili. Makumbusho aliyakariri kama mwanafunzi wa mtihani. Kwenye kilima aliongeza kuhema, maana kilima bila kuhema nani ataamini. Sista wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa akibadilisha dripu. Alimtazama binti, binti akamtazama yeye.

Ijumaa walimruhusu aingie saa moja asubuhi, kabla hawajamchukua. Binti alikuwa ameshavaa gauni la upasuaji na kofia ya plastiki, na bila hereni zake alionekana mtoto wa miaka kumi na miwili. Mzee aliona hivyo. Alijua ni jambo la kumliza mzazi, na hakulia.

"Baba, ule mnara ulibomolewa mwaka juzi. Walipanua barabara."

Mzee akatazama viatu vyake.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye benchi pale nje. Nilikuwa nalitazama dirisha lako."

"Lipi?"

"La tatu. Lenye pazia la kijani."

Sista akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. "Mzee wangu, hilo ni la stoo ya mashuka."

"Langu ni la nne," binti alisema akicheka. "Nimekupungia mkono siku mbili, nawe umeyakodolea macho mashuka." Kisha hakucheka tena. "Miaka tisa hukuja. Sasa umekuja, umekaa kwenye maegesho. Leo usikae pale, baba. Nenda kweli. Nikizinduka nataka habari ambayo haimo kwenye kitabu. Nisipozinduka, angalau uwe umeuona mji wangu."

Alitaka kumwambia atazinduka. Badala yake akaiweka sawa ile kofia, nao wakakisukuma kitanda wakaenda naye.

Alitembea. Penye makutano ya barabara alimuuliza mama mmoja muuza vocha mnara wa saa ulikuwa upande gani. "Umesimama juu yake," mama alimjibu. Akashukuru, akashuka na barabara ileile kutafuta boti.

Boti iliondokea bandarini. Mlinzi wa geti aliitazama lenzi ya kazi iliyoning'inia shingoni mwa mzee, ambayo hakuivua hata safarini. "Wewe ndiye baba yake karani wetu?" aliuliza. "Yule wa saa? Hebu panda juu kwanza, wenzake wakusalimie."

Ofisini palikuwa na meza tatu, moja haina mtu. Juu yake ukutani ilining'inia saa ya mbao aliyoitengeneza mzee kwa mikono yake na kumpa binti siku anaondoka nyumbani.

"Shikamoo, mzee," karani mwenzake alisema. "Ila hiyo saa usiiamini. Inachelewa dakika kumi na moja, tunajumlisha kichwani."

"Hamkuita fundi?"

"Tuthubutu? Mwenzetu hataki iguswe. Anasema baba yake anakuja mwezi ujao."

"Alisema lini?"

"Kila mwaka."

Mzee alivuta kiti, akapanda, akaishusha saa. Akavaa lenzi jichoni na kufungua mgongo wa saa, na hapo vidole, vilivyomlisha miaka thelathini na mitano, vikagoma. Hakuweza kuishika hata skrubu moja. Akabaki amesimama juu ya kiti, saa kifuani, analia kwa sauti mbele ya watu asiowajua. Walimwacha alie. Boti ilipiga honi ikaondoka.

Aliporudi wodini saa tisa, sista alikuwa anamngoja mlangoni. Uvimbe umetolewa wote, alisema, na daktari anaona dalili ni nzuri, ila majibu kamili ni baada ya wiki mbili. Leo alimruhusu aingie kabla ya saa kumi.

Binti alifumbua jicho moja. "Umeona nini?"

"Saa ya ofisini kwenu. Inachelewa dakika kumi na moja."

"Umeitengeneza?"

"Nimeshindwa, mama. Mikono imekataa."

Binti akalifumba jicho, mzee akadhani amelala tena.

"Afadhali yenyewe," binti alisema, macho bado yamefumbwa. "Wewe umechelewa miaka tisa."

Mzee akaushika mkono wake, ule usio na dripu.

"Nimechelewa," akasema.