Vioo Juu ya Bati

Odeta na binamu yake Aline walitoka Katumba wakaenda kusomea kemia chuo kimoja. Likizo hiyo walikuwa Mpanda mjini kwa mama yao mdogo, Marta, wakijaribu juu ya bati lake seli za sola za perovskaiti, fuwele zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Vilikuwa vipande vya kioo vyeusi, vidogo kama kiganja.

Wageni walipouliza, Aline ndiye aliyejibu. "Jua likipiga, elektroni inaruka na kuacha tundu. Tundu nalo lazima lisafirishwe, la sivyo umeme unapotea. Sisi tunatafuta dawa ya kulisafirisha."

Wote walimtazama yeye. Odeta aliendelea kufuta vioo. Yeye ndiye aliyeianza kazi hiyo, ila dawa yake haikufanya kazi bila chumvi, na chumvi huvuta unyevu, unaoharibu seli. Ya Aline haikuhitaji chumvi. Seli ya Odeta ilizidi kudhoofika, ya Aline ikabaki imara vilevile.

Aline akaenda Inyonga harusini. Asubuhi Odeta alipanda ngazi, akaona gundi ya seli ya Aline imeachia pembeni. Tyubu ya gundi ilikuwa mfukoni mwake. Akashuka, akakaa na Marta kuchambua maharage.

Mchana mawingu yakajikusanya. "Nyie, vioo vyenu hamvishushi?" Marta aliuliza.

"Vimefungwa vizuri, mama."

Matone ya kwanza yakagonga bati. Odeta alikimbia, akapanda, akaichukua seli yake na kuanza kushuka. Akawa ameshafika katikati ya ngazi. Akasimama pale, mvua ikimchapa, kisha akarudi juu kuichukua na ile nyingine. Kona yake moja ilishageuka njano, dalili ya kuharibika.

Jioni Aline aliporudi alimkuta amelowa bado, seli zote mbili zikiwa mbele yake. Akamkumbatia. "Asante dada! Ungechelewa kidogo tu ingekwisha yote."

Odeta angeweza kunyamaza. "Nilichelewa makusudi," alisema. "Gundi niliiona asubuhi."

Mikono ya Aline ilimwachia taratibu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yako."

Aline akaichukua seli yake, akaingia ndani. Kesho yake alitengeneza seli mpya, akaenda kuomba nafasi juu ya duka la Halfani, ng'ambo ya barabara. Kila siku alimsalimia Odeta kwa adabu, kama anavyosalimiwa mpangaji. Odeta aliitikia, na kila alipotoka nje macho yake yalikwenda kwenye paa lile. Seli ile mpya bado ilikuwa nyeusi, bila doa la njano, na bado ilimuuma.