Wafuasi wa Mwenyekiti

Jumamosi asubuhi ukumbi wa mtaa ulijaa hadi watu wakakalia madirisha. Projekta iligoma, kama kawaida yake, kwa hiyo mwalimu wa mitandao ya kijamii, bwana mpole mwenye tai fupi, alifundisha kwa kuinua simu yake juu, na watu wa nyuma wakaitikia kwa vichwa ingawa hawakuona kitu.

Mama Pindo, fundi cherehani, alikaa mbele. Hakwenda pale kutafuta umbea. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, na Mama Pindo alikuwa amemwahidi kwamba uchungu ukimshika, atakuwa kando yake amemshika mkono. Alitaka tu kujua kupokea ujumbe, asije akapitwa. Pembeni yake alikaa mkunga pekee wa zahanati ya mtaa, aliyefunga mlango wake na kusema anarudi sasa hivi.

Mafunzo yaliandaliwa na Mwenyekiti wa mtaa. Alisimama akasema ukurasa anao, kilichokosekana ni watu. Fuata nyuki ule asali, aliwaambia, na watu wakacheka, maana walikuwa wanamjua. Mwalimu akawaonyesha kitufe cha bluu kilichoandikwa Fuata. Wakabonyeza. Alieleza kwamba kufuata huku si kwa miguu, lakini alieleza watu wakiwa wameshabonyeza.

Mwenyekiti alipotoka, ukumbi mzima ulitoka nyuma yake kwa mstari. Alipokata kulia, wakakata kulia. Kinyozi, aliyemwacha mteja kibandani na nusu ya kichwa, alijaribu kushika njia yake. Miguu ikamrudisha mstarini taratibu, kama mbuzi anayerudishwa zizini. Alisema, "Makubwa haya," akaendelea kutembea.

Kuacha kufuata kulikuwa somo la pili. Lilipangwa kufanyika wiki iliyofuata, na kabla ya hapo mwalimu akahamishiwa mji mwingine. Walipompigia, aliwaambia wabonyeze palepale. Walibonyeza mpaka vidole vikaota sugu. Kitufe kiliandika Unafuata, basi.

Binadamu huzoea. Mwenyekiti akiingia kwake, wao walikaa nje ya geti, akitoka, waliinuka. Watu wa nyumbani kwao waliwaletea chakula na mashuka. Mama Pindo alishona kwa mkono, kwa kuwa cherehani haibebeki. Kinyozi alinyoa huku anatembea, na masikio ya watu yakaipata. Mwenyekiti mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Aliona ni heshima iliyochelewa.

Ila ukimfuata mtu kutwa kucha, utajua anakopita, na utajua asikopita. Mwenyekiti alipita kwenye jengo lake jipya, kwa rafiki zake, na baa. Kichochoro cha zahanati hakukikanyaga hata siku moja. Mtaro alioahidi kuujenga tangu kampeni haukuwapo, maji machafu yalitapakaa njiani, na wagonjwa walivuka juu ya ubao. Akifika kwenye kona ile alikunja pua na kushika njia nyingine, na watu wote wakashika njia hiyo hiyo. Walikuwa wanaishi mtaa mmoja naye miaka yote na hawakuwahi kuliona jambo hilo.

Uchungu ulimshika binti asubuhi. Alivuka ubao, akafika zahanati, akamkuta mlinzi na kufuli. Akampigia mama yake. Mama Pindo alipenya mpaka mgongoni mwa Mwenyekiti, roho iko juu. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku hiyo aliomba.

"Mheshimiwa, pita zahanati. Wala usiingie. Simama mlangoni tu, mimi na mkunga tutamfikia."

"Mama yangu, nikimpitia mmoja, wengine watasema nina upendeleo."

"Mwanangu anajifungua."

"Hongera sana," alisema Mwenyekiti, na alimaanisha, akakata kona.

Mama Pindo alilia huku anatembea. Mkunga naye alilia, kwa sababu hilo liliwezekana bila kutoka mstarini. Simu ililia tena. Binti alimwambia kuna njia moja tu ya kuwafikia watu wasiosimama, nayo ameshaifikiria. Mama Pindo akaelewa kabla hajamaliza kusema.

"Usinifuate, mwanangu. Nakusihi, usinifuate."

"Mama, nimeshabonyeza."

Alikuja mwenyewe, ameshika kiuno, akajipanga nyuma ya mama yake. Bahati ikawa kwamba Mwenyekiti alikuwa anagombana na mafundi kwenye jengo lake, na ugomvi ule ulikuwa mrefu. Wanawake walizungusha mashuka kando ya lundo la kokoto. Mkunga alifanya kazi yake vizuri. Mama Pindo alimshika mwanawe mkono tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyoahidi, na mtoto wa kike akatoka analia kwa nguvu.

Hawakuwahi hata kumfunika mtoto vizuri. Mwenyekiti alimalizana na mafundi, akakung'uta suruali, akaondoka. Miguu ya Mama Pindo ikainuka. Binti aliyelala chini aliitazama miguu ya mama yake, kisha akaitazama yake, ambayo nayo ilikuwa inatafuta ardhi. Akasimama. Mkunga akamshika kwapa, Mama Pindo akambeba mjukuu, wakaingia mstarini.

Mwenyekiti aligeuka kuwatazama watu wake. Akamwona mtoto, akatabasamu.

"Naona tunaongezeka," alisema, akakaza mwendo.