Mikate Iliyotoka Nyekundu kwenye Grafu

Nilikuwa namnyonyesha Emiliano, spika za masikioni nimezivaa, mteja wangu Don Abelardo, akiwa kwenye simu, alipofungua grafu zangu kwa mara ya kwanza. Wiki nzima sikuwa nimeongea na mtu mzima. Baba Emiliano yuko migodini Chile, na kampuni yetu ya programu haina ofisi hapa mjini Sogamoso. Kila mfanyakazi yuko kwake. Hata sauti ya mteja niliingoja kama mgeni.

Don Abelardo ana maduka kadhaa ya mikate. Zamani akitaka kujua biashara inaendaje, alitoa tarakimu kwenye programu ya mauzo, akazihamishia kwingine, akaishia kuumwa kichwa. Mimi nilimwekea ripoti humohumo ndani ya programu: abonyeze tu, aone mikate iliyookwa na iliyouzwa, duka kwa duka.

"Ehe! Hii hata mie mzee naielewa, mwanangu." Kisha akabonyeza tena. "Mbona duka la kituo cha mabasi limejaa nyekundu?"

Nyekundu ni mikate iliyookwa ambayo haikuuzwa wala haikubaki.

"Nohemí huyo, muuzaji wa pale," akasema. "Namwamini miaka yote, kumbe ananiibia! Jumamosi aondoke."

"Subiri kwanza, Don Abelardo."

"Nisubiri nini? Si grafu yako inasema?"

Grafu yangu. Nilimtazama mwanangu anavyonyonya bila wasiwasi, nikamwazia yule mama wa kaunta. Nilipokuwa mjamzito, nikipita pale kituoni nikitoka masomo ya jioni, alikuwa akinitilia mkate wa pili mfukoni bila kusema neno.

"Don Abelardo, wewe ukiwa dukani, unatoa ñapa?"

"Nyongeza ya bure kwa mteja? Sasa nisitoe? Unataka nisemwe bahili mpaka kanisani?"

"Unaiandika wapi?"

Hakuna aliyewahi kuiandika. Tumeizoea mno hata hatukuifikiria, si yeye, si mimi niliyejenga ripoti. Nikamwomba anipe hadi hiyo Jumamosi. Nikaongeza kitufe cha ñapa kwenye kompyuta za kaunta, nikawapigia wauzaji wote wakibonyeze kila wakitoa.

Jumamosi nyekundu yote ikawa njano, rangi niliyoipa ñapa. Doña Nohemí hakuwa ameiba hata kipande. Ila njano yake ilijaa alasiri, saa ambazo wateja ni wa kuhesabu. Nikampigia kumuuliza.

"Saa hizo duka tupu, mama," akasema. "Mtu nikimwongeza mkate mmoja, anaona haya kuondoka hapohapo. Ananiuliza goti linaendeleaje. Nikimwongeza wa pili, anakaa."

Sikumwambia Don Abelardo hilo. Nilimwambia tu kwamba ni nyongeza.

"Haya, si mwizi, abaki. Lakini njano yake imezidi: mmoja kwa mteja, basi! Iambie programu yako ikatae wa pili."

Nikaiambia. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumbadilisha mtoto nepi.

Jumatatu alasiri nilimfunika Emiliano blanketi, nikambeba, nikateremka hadi kituoni. Dukani hamkuwa na mtu. Doña Nohemí alinipa mkate, akaongeza mmoja, akabonyeza, mkono ukaenda kwenye wa pili. Skrini ikakataa. Mkono ukarudi.

"Sijui mjinga gani kaifundisha mashine choyo," akanong'ona.

"Ni mimi, Doña Nohemí."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto. Nilidhani atanifukuza.

"Bosi kasema?"

"Ndiyo. Ndivyo alivyokubali ubaki kazini."

Akapangusa kaunta palipokuwa safi tayari. "Basi nawe utakwenda zako, sina tena cha kukushikia."

Nikavuta kiti, nikamnyooshea Emiliano. Alifuta mikono kwenye aproni kabla ya kumpokea, polepole, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Una haraka?" akauliza.

"Sina pa kwenda," nikasema, na kwa mara ya kwanza haikuniuma kusema hivyo.