Mstari Mmoja wa Kitabu

Mwanatumu alipewa sehemu ya nne ya tamthilia ile asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa keshaipenda. Tamthilia yenyewe ilitoka Brazili. Kazi yake, katika ofisi moja ya Dubai Marina, ilikuwa kuandika Kiswahili kinachopita chini ya kioo cha televisheni, akifuata maneno ya Kiingereza aliyoletewa. Tangu aanze, alikuwa akitafsiri "Lala chini" na "Amekimbilia wapi?" Sasa shujaa, mwanamke mweusi anayesimamisha gari kwa kiganja, alikuwa ameketi katika duka la vitabu la shangazi yake, wakibishana juu ya riwaya ya mwandishi mweusi wa kwao. Riwaya ya dobi aliyefukuzwa nyumbani kwake na tajiri, kisha akamsamehe. Shangazi alisema dobi yule alikuwa na hekima. Shujaa akajibu kwamba dobi alichoka tu, watu wakauita uchovu wake hekima.

Maneno hayo Mwanatumu aliyageuza na kuyageuza mpaka yakakaa sawa.

Kesho yake msimamizi wake, Bassam, alimrudishia kazi. Mabishano yote yamefutwa, pamebaki mstari mmoja: "Wanazungumza kuhusu kitabu."

Bassam alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Unguja. Ofisini wote walimwita sir, isipokuwa Mwanatumu.

"Ami, mbona umefuta?"

"Maneno mengi, mwanangu. Jicho haliyawahi."

"Nitayapunguza."

"Punguza. Lakini mteja keshasema, watazamaji wa kwetu wanataka ngumi. Vitabu vinawachosha."

"Kwani kawauliza?"

Bassam alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Mie nakufahamu. Lete, nitampelekea."

Mwanatumu hakwenda kula. Alikata huku, akafinya kule, na kila alipokata, roho ilimuuma, ila uchovu wa yule dobi hakuugusa. Alasiri mteja akajibu: uachwe ule mstari mmoja.

"Khalas," Bassam alisema bila kumtazama. "Ingia sehemu ya tano."

Akaingia, akigonga vibonye kama anayemchapa mtu.

Tamthilia ilipotoka aliitazama na Carolyne, mhudumu wa hoteli kutoka Nakuru, katika chumba walichopanga pamoja mtaa wa Al Ras. Ilipofika kwenye duka la vitabu, Carolyne aliinuka.

"Waenda wapi?"

"Kuweka chai. Si wanaongea tu? Imeandikwa hapo ni story ya kitabu."

Mwanatumu alisimamisha picha. Akamweleza yote, ya dobi, ya tajiri, ya shangazi na jibu alilopewa. Carolyne akarudi kuketi.

"Mum pia walikuwa wanamsifu hivyo," alisema. "Ati mvumilivu. Kumbe alikuwa amechoka." Akamgeukia. "Hicho kitabu kinapatikana wapi?"

"Nimeuliza maduka mawili. La kwanza hawakijui. La pili wakanionyesha mdoli wa huyo shujaa."

"Basi niambie mwisho. Huyo dobi alirudi kwake?"

"Siujui," Mwanatumu alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Sijakisoma."

Akaachia picha iendelee. Magari yakaanza kugongana, na chini ya kioo, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kila mguno ulikuwa umeandikwa.