Marufuku Kulia Wodini

Tangu paa la kiwanda cha nguo liwaporomokee watu wa zamu ya asubuhi, mji mzima ulizubaa. Watu walisalimiana nusunusu, wakaenda zao. Na watoto, jamani, wakaanza kuzaliwa kabla ya siku zao, vitoto vya kubeba kiganjani, hata kwa akina mama ambao hawakufiwa na mtu. Daktari alisema huenda ni huzuni ya mji, huenda siyo, hajui. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alipima, akafunika, akaita anayefuata.

Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mwanawe wa kiume, mmoja wa zamu ile. Alirudi kazini kesho yake, amejikaza kisabuni, maana binti yake alikuwa amelazwa humohumo, chumba cha pembeni, mimba ya miezi saba, ameamriwa asiinuke kitandani. Huyo hakuambiwa. Mkunga aliapa hataambiwa mpaka ajifungue salama.

Basi ikawa sheria: anayeingia kule aache machozi mlangoni. Redio ikazimwa. Simu ya binti, eti, ikaharibika ghafla. Mama mkwe akija anachekacheka kama mtu aliyebanwa na viatu. Shangazi, ambaye hata harusini hukaa kanuna, alikuja na vichekesho vya jirani na mbuzi wake. Binti naye alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kaka mbona haji?" aliuliza siku moja.

"Wamempeleka tawi la mbali. Si unazijua kazi zao."

"Mwambie aniletee zawadi, asijifanye hamnazo."

"Atakuletea," mkunga akasema, akamfunga kipimo cha presha mkononi. Hakuhisi kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na aliona afadhali iwe hivyo.

Uchungu ulikuja mapema vilevile. Mkunga alimpokea mjukuu wake mwenyewe, wa kike, mdogo ajabu, ngozi imekunjamana. Akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Kitoto kikapiga chafya, kisha kikalia. Akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika.

"Anapumua vizuri," akasema. "Mjomba wake atafurahi akimwona."

"Mama, basi." Binti hakumtazama. "Nilijua siku ileile. Mfagiaji alinipa pole, akidhani nimeshaambiwa."

Mkunga akashika chuma cha kitanda.

"Na ulikuwa unacheka?"

"Si mlikuwa mnacheka nyinyi? Nikasema, mama hajalia. Siku akilia, na mimi nitalia. Nimekungoja, mama. Kila ulipoingia nilikungoja."

Mkunga akaketi ukingoni mwa kitanda. Mlango umefungwa, mtoto anapumua, hapakuwa tena na wa kumficha. Akajaribu kulia. Wapi! Akaliita jina la mwanawe kimoyomoyo, akajaribu tena, macho makavu.

Binti akachoka kungoja. Akaanza peke yake, taratibu, asimwamshe mtoto.